Alinyoosha Mkono Kabla Sijasema Neno

Jumanne, Februari 6, 2024, saa tatu kasoro asubuhi. Watoto wangu wa darasa la awali walikuwa kwenye majamvi wakihesabu vizibo vya soda, mara yowe likapigwa kwenye kona ya vitabu. Nilipofika nilimkuta binti mmoja ameushika mkono wake wa kushoto, machozi yanamtiririka. Chini kidogo ya kiwiko palikuwa na alama za meno, duara kamili, na mbili tatu zilikuwa zimeanza kuvilia damu.

Aliyemng'ata alikuwa amesimama hapo hapo. Hakukimbia wala hakukana.

Mkononi nilikuwa na kifimbo changu cha mpera, kile cha kuonyeshea herufi ubaoni. Kabla sijafungua mdomo, mtoto yule alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, vidole vimebanwa vizuri. Akafumba macho, akasubiri.

Ana miaka mitano.

Nilimchapa viwili. Hakulia. Alirudi jamvini, akaketi, akaendelea kuhesabu vizibo pale alipoishia.

Sasa ni Oktoba. Nimefundisha miaka 11 hapa Kigoma, na sijui nimechapa viganja vingapi. Hiki kimoja ndicho kilichogoma kunitoka kichwani. Kila nikitaka kuandika jambo jingine hapa, kinajinyoosha mbele yangu.

Nitamwita Bwana Mdogo, maana ndivyo mama yake anavyomwita nyumbani.

Kama anayelipa nauli

Mwanzoni sikusumbuliwa na huruma, nisiwadanganye. Nilisumbuliwa na namna alivyouleta ule mkono. Aliuleta kama abiria anayempa kondakta nauli: unatoa, unapokea chenji yako, safari inaendelea. Adhabu kwake ilikuwa imeshakuwa bei ya jambo, na bei yenyewe alikuwa anaimudu.

Wiki ile ile aling'ata tena mara tatu.

Ofisini nilipolisema, mwalimu mmoja mzee, mtu ninayemheshimu sana, alinijibu kwa methali: "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Mwingine akaongeza, "Samaki mkunje angali mbichi, mwalimu."

Mimi nimekulia Ujiji. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kumkunja samaki wa kubanika: unamshika kwa vidole, taratibu, unausogeza mkia kuelekea kichwani, na ukitumia nguvu mgongo unakatika na samaki ameharibika. Methali ile nimeisikia tangu utotoni, na kila anayeisema huwa ana fimbo karibu. Sijamwona bado mtu anayekunja samaki kwa kumpiga.

Lakini siku ile sikujibu kitu. Sikuwa na jibu, nilikuwa na watoto 94 na mng'ataji mmoja.

Kitabu ambacho hatukifungui

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 tunazijua sote, au tuseme tunajua kwamba zipo. Anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Kila adhabu iandikwe kitabuni.

Viboko vyangu viwili vya Februari 6 havikuandikwa popote. Sikuwa na idhini ya mtu. Na nilimchapa mtoto wa awali kwa kosa ambalo, kwa umri wake, hata kulieleza hawezi. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki mkoani Kagera baada ya kupigwa na mwalimu, na sisi walimu tulikaa ofisini tukatikisa vichwa, kila mmoja akisema yule alipitiliza. Nakumbuka nilisema hivyo pia. Sikujiuliza mstari wa kupitiliza unaanzia wapi, kwa sababu nilikuwa na hakika mimi niko upande wa huku.

Daftari la safu tatu

Nilichukua daftari la kurasa 40 nikapiga mistari. Safu ya kwanza: kilichotangulia. Ya pili: alichofanya. Ya tatu: kilichofuata. Mbinu hii tulifundishwa chuoni, nikaijibia mtihani, nikaiacha huko.

Siku chache za kwanza safu ya tatu ndiyo iliyonivutia. Kila aling'atapo, somo linasimama, watoto wote wanageuka, na mwalimu, ambaye vinginevyo humfikia kila mtoto mara moja kwa siku kama ana bahati, anakuja mbio kwake peke yake. Nikasema nimempata. Mtoto huyu anatafuta kuonwa.

Basi nikaanza kumwona mapema. Akikaa vizuri namtaja jina. Akimpa mwenzake kizibo nampigia makofi, darasa zima linapiga. Wiki mbili za mwisho za Februari hazikuwa na tukio hata moja.

Nilijisikia mwalimu.

Machi 4, Jumatatu, aling'ata wawili kabla ya saa nne. Jumanne mmoja. Alhamisi alimng'ata yule yule binti, mkono ule ule. Nilikuwa bado namsifu, sikuwa nimebadilisha chochote. Ramadhani ilipoingia mwezi huo huo, nikasema labda daku linamkatisha usingizi. Nikaulizia, nikaambiwa kwao si Waislamu. Kisha, kuelekea Machi 20, akatulia tena, ghafla kama alivyoanza.

Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Ubaya unaokuja na kuondoka bila kukuuliza unakufanya uamini kwamba mtoto ndivyo alivyo, kwamba kuna watoto waliozaliwa hivyo. Nimeshawahi kuyasema maneno hayo mbele ya mzazi. Nayajutia.

Usiku usio na taa

Machi 25 nilitoka tarawehe nikapanda kwangu. Nyumba ninayopanga iko kwenye mwinuko, na ziwa lote linaonekana. Wenyeji mnajua ziwa letu linavyokuwa usiku: taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa hadi unadhani kuna mji mwingine kule majini. Usiku ule hakukuwa na taa hata moja. Mwezi ulikuwa mpevu, maji yanang'aa kama bati jipya, na mji wa majini haupo.

Nilisimama pale uani na kobazi mkononi.

Dagaa hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Hili analijua kila mtoto wa Kigoma. Nilikuwa nalijua tangu nikiwa na umri wa Bwana Mdogo, ila sikuwahi kulihusisha na darasa langu.

Niliingia ndani nikachukua daftari na kalenda ya ukutani. Giza la Februari lilikuwa tarehe 9. Giza la Machi lilikuwa tarehe 10. Matukio yote yalikuwa yamejazana kwenye siku hizo, kabla kidogo na baada kidogo, na mbalamwezi haikuwa na tukio hata moja.

Sikulala vizuri.

Kibirizi

Siku mbili baadaye nilishuka mchana hadi Kibirizi, kando ya ziwa, nyumbani kwa Bwana Mdogo. Nilimkuta bibi yake mlangoni, nikamwamkia shikamoo, naye akapiga makofi taratibu, kwa adabu ya Waha, akaitikia marahaba mwanangu. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho. Mama alitoka ndani akifuta mikono kwenye kanga. Neno lake la kwanza lilikuwa:

"Ameng'ata tena, mwalimu?"

"Hapana, mama. Leo nimekuja kuwasalimia tu."

Hakuamini. Aliendelea kusimama, nami nikaona aibu, kwa sababu alikuwa na haki ya kutoamini. Shule haijawahi kumtuma mtu nyumbani kwake kwa jambo jema.

Tulipokaa akanieleza. Wakati wa giza baba yao huingia ziwani jioni. Mitumbwi hurudi alfajiri, na mwanamke anayetaka dagaa kwa bei ya kumwachia faida lazima awepo mwaloni kabla haijafika. Huondoka saa tisa usiku. Baada ya kununua anaanika, na dagaa walioanikwa hawaachwi peke yao: kuna kunguru, kuna mvua, kuna watu. Nyumbani anabaki bibi asiyeona vizuri, na kichanga cha miezi minane.

"Na mtoto akiamka?" niliuliza.

Bwana Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Akajibu yeye.

"Nanyamazisha."

"Unanyamazishaje?"

Alikwenda alipolala mdogo wake, akachuchumaa, akamwekea kiganja mdomoni. Alikiweka kwa upole, kimepinda kidogo kuacha pua ipumue, na kichwa chake akakiinamisha karibu kabisa na uso wa kichanga. Akatusubiri tuone kama anafanya vizuri.

Usiku ule nilirudi kwenye safu ya kwanza, ile ya kilichotangulia, ambayo nilikuwa naijaza kwa haraka ili nifike kwenye kosa. Katika matukio 14, tisa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: *mwenzake alikuwa analia.*

Mara tisa.

Nilikuwa nimeona ukatili, mtoto anayemrukia mwenzake aliyeumia tayari. Kumbe alikuwa kazini. Amekesha tangu saa tisa usiku, kazi yake ni kuzima kilio, na amekuja mahali penye watoto 94 ambapo hakuna dakika asiyelia mtu. Anaziba mdomo kwanza. Mwenzake anamsukuma. Ndipo meno yanapokuja.

Mtoto wa umri ule anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku. Na mtoto mdogo akikosa usingizi hasinzii kama mtu mzima, mara nyingi anachachamaa, anarukaruka, kila kitu kinamgusa. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia tusifanye la kwanza linalotujia ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, hata kijana wa miaka 20 bado yake inajengwa. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma. Kuyasoma na kumwona mtoto akimziba mdogo wake mdomo kwa uangalifu vile ni vitu viwili.

Mchana ule, wakati wa kuaga, nilimwambia mama kwamba mtoto hapati usingizi wa kutosha. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Nikiacha kwenda mwaloni, asubuhi utamfundisha nini mtoto mwenye njaa?"

"Na wangu nani anamlea?"

Nilichokifanya darasani hakikuwa kikubwa. Wakati wa giza, Bwana Mdogo akifika anakwenda moja kwa moja kwenye jamvi la kona, nyuma ya kabati, na analala mpaka saa tatu. Wenzake waliuliza siku mbili za kwanza, kisha wakazoea. Nilimfundisha maneno mawili, "Mwalimu, analia," nikamwambia kazi yake inaishia hapo, ya kunyamazisha ni yangu. Tuliyafanyia mazoezi kama wimbo. Na akiumiza mtu, anachukua kopo, anachota maji kwenye ndoo, anamwosha pale alipomuumiza mpaka mwenyewe aseme basi.

Mwalimu mzee aliona hayo akasema nimefungua nyumba ya wageni.

Aprili hiyo mama wa yule binti alikuja. Ameng'atwa mara ya tatu sasa, mara hii begani. Nilimweleza niliyoyaona Kibirizi, kwa kadiri nilivyoweza bila kuianika nyumba ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani.

"Mwalimu, nimekuelewa. Huyo mwanao umemwelewa, unamlea. Na wangu nani anamlea?"

Swali hilo limenikaa sawasawa na ule mkono. Nilikuwa nimejaza kurasa 12 za daftari kuhusu mng'ataji. Kuhusu binti aliyeng'atwa sikuwa na hata mstari mmoja. Sikujua kwa nini yeye ndiye analia mara nyingi kuliko wenzake, wala kama naye ana jambo linalomwamsha usiku. Nilikuwa nimeona mtoto mmoja kwa gharama ya mwingine, kisha nikaita hiyo huruma.

Nilimwomba radhi mama yule. Tulimhamishia binti mbele, karibu na meza yangu, na nikaanza kumwandika naye. Sijasema kwamba hilo lilitosha. Mama aliondoka bila kusema kama limetosha.

Ukimya wa Julai

Mei 15 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Miezi mitatu bila uvuvi, mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Binafsi niliona ni jambo la busara, maana sote tunajua samaki walivyopungua, na bado naliona hivyo.

Na kwangu lilikuwa jaribio nisilolipanga. Hakuna mitumbwi, hakuna saa tisa usiku. Kama nilikuwa sahihi, Bwana Mdogo angelala na angetulia.

Alitulia. Mwisho wa Mei hakung'ata. Tulipofungua Julai hakung'ata. Kwenye kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, nilisimama mbele ya walimu wenzangu na daftari langu nikaeleza kila kitu, mwezi, taa, jamvi, kopo, na jinsi mtoto alivyobadilika. Wengine waliandika. Nilikaa chini nimeridhika.

Yule mwalimu mzee wa methali akanyoosha kidole. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote:

"Sasa huyo mtoto amepona, au amechoka?"

Kesho yake nilimtazama Bwana Mdogo asubuhi nzima. Hakuchukua vizibo. Hakwenda kwenye kona ya kujenga, aliyokuwa akiipenda. Wimbo ulipoimbwa midomo yake ilicheza kidogo kisha ikaacha. Karibu na saa nne alilaza shavu kwenye magoti akatazama sakafu, na nilipomuuliza amekula nini alifikiri sana, kama mtoto anayetafuta jibu litakalomfurahisha mwalimu.

"Jana nilikula muhogo."

Baba yao alikuwa ameondoka kutafuta kibarua Uvinza. Mama hana dagaa wa kuanika. Mtoto alikuwa analala saa zote anazohitaji, na hana nguvu ya kumng'ata mtu.

Nami nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikauita ukimya ule mafanikio.

Hili ndilo lililonifanya niandike, zaidi hata ya ule mkono. Darasani tunahesabu kelele. Anayerusha, anayepiga, anayetoroka, hao tunawajua majina ifikapo wiki ya pili ya Januari. Mtoto aliyenyamaza tunamwandikia "ana tabia njema" kwenye ripoti. Nimepitia ripoti zangu za miaka iliyopita nikawa najiuliza ni wangapi kati ya wale wenye tabia njema walikuwa na njaa.

Uji tulikuwa nao shuleni, lakini ni wa waliochanga. Tulilipeleka suala kwenye Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ikakubaliwa kwamba asiye na fedha alete kuni au achote maji. Wapo waliopinga, na mjadala ulichukua vikao viwili. Mama Bwana Mdogo alileta kuni kuanzia Agosti, mzigo kila Jumatatu.

Giza la Septemba

Ziwa lilipofunguliwa Agosti 15 mwezi ulikuwa unaelekea kupevuka, kwa hiyo taa zilichelewa kurudi. Giza la kwanza lilikuja mwanzoni mwa Septemba. Usiku wa Jumanne nilitoka uani nikaziona, nyingi, mpaka upande wa Kongo, nikafurahi kwa ajili ya nyumba zile zote, na tumbo likanikaza hapo hapo.

Jumatano asubuhi alifika macho mekundu, akaenda kwenye jamvi lake bila kuambiwa. Aliamka saa tatu. Saa nne kasoro yule binti alijikwaa kwenye kizingiti akaanguka, akalia kwa nguvu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa darasa, nimeshika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika herufi *a*.

"Mwalimu, analia!" Nilimsikia. Alisema kwa sauti kubwa, vizuri kabisa, kama tulivyofanya mazoezi. Lakini kati ya alipo na nilipo kulikuwa na watoto 40 wameketi chini, nami nilichelewa kuwapita. Nilipofika alikuwa ameshaweka kiganja mdomoni mwa binti, binti ameshamsukuma, na meno yameshagusa mkono. Hayakuzama. Yaliacha alama nyekundu tu.

Aliponiona alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono, kiganja juu, akafumba macho.

Nilichukua kopo dirishani nikaliweka kwenye kile kiganja.

Alifungua macho. Alilitazama kopo, akanitazama, akaenda kwenye ndoo. Alirudi akitembea polepole, maji yanamwagikia miguuni, akachuchumaa mbele ya binti na kuanza kumwagia mkono, kidogo kidogo.

"Na goti," binti akamwambia, akimwonyesha alipojikwaa. "Usiyamalize yote hapo."